Candida wa bweni la Kariakoo: amelea mabinti wa watu, sasa anaomba nafasi kwa wa kwake

Adhana ya msikiti wa jirani haijafika katikati, lakini mkono wa Candida Shirima tayari unapita kitanda kwa kitanda. Hapigi kelele wala hawashi taa. Anagusa bega la kila msichana, na wenye usingizi mzito anawafinya kidole gumba cha mguu, taratibu, mpaka wakunje goti.

"Amkeni wanangu. Wa kuswali wakaswali, wa kuoga wakaoge. Wa kulala tena simjui."

Wasichana wanashuka kwenye vitanda vya ghorofa, wengine wakitafuta ndara kwa miguu huku macho yamefumba. Kundi moja linakwenda kwenye mikeka iliyotandikwa pembeni. Waliobaki wanachukua ndoo na kupanga foleni ya bafuni. Candida, Mkatoliki wa Rombo, anasimama katikati na kuhakikisha hakuna anayekatiza mbele ya wanaoswali.

"Mwanzoni nilikuwa sijui," anasema kwa sauti ya chini. "Nilimwita mtoto amesujudu, nikakasirika kwamba hanijibu. Bi Hind, mwenye shule, Mungu amrehemu, akaniita pembeni akanielewesha. Siku hizi mimi ndiye ninayewakumbusha wavivu."

Hapa ni ghorofa ya nne ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Chini kabisa ni maduka ya mapazia na vitenge. Juu yake kuna Shule ya Msingi Bustani Ndogo: madarasa, ofisi, jiko, bweni la wasichana, na paa lililozungushiwa wavu ambako watoto hucheza, huanika nguo na kusomea mitihani. Mpira ukiruka wavu huangukia mtaani. Mara nyingi mchuuzi mmoja huupandisha mwenyewe hadi mlango wa shule, analalamika huku anacheka.

Wanafunzi wa kutwa huja asubuhi kutoka Magomeni, Ilala na Upanga. Wanaolala ni wasichana wa darasa la tano hadi la saba, wengi wao watoto wa wafanyabiashara ambao leo wako dukani Kariakoo, kesho wako Tunduma kufuata mzigo.

Candida ni matroni wao. Ana miaka 49, mfupi, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya gauni, funguo zinaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu.

"Shikamoo matroni."

"Marahaba, Stella. Soksi nyingine iko wapi?"

"Sijaiona, matroni."

"Haina miguu hiyo. Tazama kwenye foronya."

Stella, msichana wa darasa la tano, anatia mkono ndani ya foronya na kutoka na soksi. Wenzake wanaangua kicheko.

Kunapopambazuka, mtaa nao umeamka. Mikokoteni inagonga mashimo, wachukuzi wanapiga kelele za "Pisha! Pisha!" wakiwa na majora ya vitambaa mabegani. Candida anashuka hadi mlango wa chini kuwapokea wanafunzi wa kutwa, kazi ambayo si yake lakini hakuna anayemzuia kuifanya.

Mama mmoja amefika na binti yake wa darasa la kwanza. Anainama, analowesha kidole gumba kwa mate, anamfuta mtoto uji uliokaukia pembeni mwa mdomo. Mtoto anakunja uso. Mama anambusu kipajini na kuondoka haraka.

Candida anamtazama mpaka anapotelea kwenye umati.

"Hicho kitu kidogo," anasema. "Mimi wa kwangu nilimfuta mpaka miaka mitatu tu. Baada ya hapo walimfuta wengine."

*

Candida alizaliwa Mkuu, Rombo, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa. Alifika Dar es Salaam mwaka 1996 kumfuata kaka yake, Tarsis, aliyekuwa akiuza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla Kariakoo. Aliuza dukani kwa kaka yake miaka kadhaa, akajifunza kupima, kufunga na kubishana na wateja.

Huko ndiko alikokutana na fundi magari wa Gerezani, baba wa mtoto wake wa pekee. Celina alizaliwa mwaka 2000. Kabla mtoto hajaanza kusema vizuri, baba yake alikwenda Mwanza kutafuta kazi, na simu zake zikawa zinachelewa, kisha zikakoma.

"Sikumfuata," anasema Candida. "Mtu akitaka kupotea mjini, unamtafutia wapi?"

Mwaka 2003 duka la Tarsis liliyumba. Akabaki na kibanda kidogo kisichoweza kulipa mtu wa pili. Candida alikuwa akiishi na Celina katika chumba kimoja Magomeni. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kwamba Bi Hind Sheikhan, mama wa Kiarabu mwenye shule ndogo pale nyuma, anafungua bweni na anatafuta mwanamke wa kulala na watoto.

Bi Hind alimpenda tangu siku ya kwanza. Shida ilikuwa moja.

"Akaniambia, 'Candida, wazazi wananiachia watoto wao. Wakimwona wa kwako humu, kila chakula watasema umempendelea.' Nilimwelewa. Hata mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini kuelewa si kwamba haliumi."

Alimpeleka Celina Rombo kwa bibi yake. Mtoto alivaa sweta jekundu, kwa sababu ya baridi ya kule. Asubuhi ya kuondoka, Candida alimwambia anakwenda gulioni, atarudi jioni.

Bibi alimsimulia Candida baadaye kwamba kila jioni mtoto alikaa kwenye ngazi za baraza akitazama njia ya gulioni. Alikaa hivyo mpaka msimu wa mvua ulipoanza, bibi akamwita aingie ndani, na tangu siku hiyo hakutoka tena kusubiri.

Mshahara wa kwanza wa Candida ulikuwa shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Nusu yake ilipanda basi la Rombo, kwenye bahasha aliyokabidhiwa dereva.

Celina alikua akimwita bibi yake "mama". Candida akawa "mama wa Dar". Wanakijiji waliona ni kichekesho kizuri. Candida naye alicheka pamoja nao, kila Desemba, alipopata likizo.

*

Kazi ya matroni haina mwanzo wala mwisho. Candida ndiye anayejua nani anakojoa kitandani, nani hali maharage, nani analia akisikia jina la baba yake. Siku ya kutembelewa, wazazi wanapopanda ngazi na mifuko ya juisi na kuku wa kukaanga, yeye huwatafuta wale waliokaa dirishani.

"Kuna mtoto anajifanya anasoma," anasema. "Ameshika kitabu, lakini hafungui kurasa. Huyo mama yake hajaja. Namwita anisaidie kukunja mashuka. Tunakunja hata yaliyokwisha kukunjwa."

Yeye pia ndiye wa kwanza kujua msichana anapovunja ungo. Wiki iliyopita mmoja wa darasa la sita alijifungia bafuni akikataa kutoka. Candida aliketi nje ya mlango, sakafuni, akaanza kumsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyojificha kwenye migomba siku nzima akidhani anakufa. Mlango ulifunguka taratibu. Akampa pedi, akamwonyesha namna ya kuivaa, akamfunga kitenge, akampikia chai ya tangawizi.

"Nimewafundisha wengi, sikumbuki hata idadi," anasema. "Wakiolewa wananialika. Wengine wananipigia simu wakiwa na mimba, wanauliza matroni hili ni kawaida?"

Anazungusha funguo shingoni.

"Celina alifundishwa na jirani. Mimi nilikuja kuambiwa yameshapita majuma. Bibi yake alinitajia tu katikati ya habari za ng'ombe, kama jambo dogo. Nilikata simu nikaingia stoo ya mashuka nikakaa humo."

Lakini siku ambayo Candida huitaja kila anapoulizwa juu ya binti yake ni ya Desemba 2010.

Mwaka huo Celina alikuwa na miaka kumi na alikuwa apokee komunyo ya kwanza. Parokia iliipanga Jumapili ya kabla ya Krismasi, ili wazazi walioko mijini wawepo. Candida alikuwa amenunua gauni jeupe na viatu Kariakoo, akavituma mapema vijaribiwe. Bibi alipiga simu kwamba vimemkaa vizuri, na kwamba mtoto anataka kujua kama mama wa Dar atakuja kweli.

"Mwambie nakuja," Candida alijibu. "Tiketi ninayo."

Shule ilifungwa. Wazazi wakaja, matranka yakashuka ngazi moja baada ya jingine. Jioni alibaki mtoto mmoja, Rania, mwenye miaka saba. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Ghassan, mfanyabiashara wa vyombo vya kioo, alikuwa China akifuata mzigo, na mjomba aliyetakiwa kumchukua mtoto hakutokea.

Bi Hind alikuwa amelazwa hospitali. Pale shuleni walikuwepo Candida, Rania na mlinzi.

Ghassan alipopatikana kwenye simu, alikuwa karibu kulia. "Matroni, tafadhali usimtoe hapo. Namtafutia mtu, kesho atakuja." Candida aliomba ruhusa aende naye Rombo. Baba alikataa; alihofia safari, alihofia ndugu watakuja wasimkute mtoto. Kesho yake akasema kesho. Na kesho yake tena.

Basi la Candida liliondoka bila yeye. Alipiga simu Rombo, lakini ya bibi ilikuwa haipatikani.

"Watu wananiuliza kwa nini sikwenda," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inapanda. "Ningefanyaje? Nimwachie mlinzi wa getini mtoto wa kike wa miaka saba? Hata leo nisingeondoka. Kama ni Celina ndiye aliyeachwa mahali, ningetaka nani akae naye?"

Jumapili ile, Rombo, Celina alikwenda na bibi yake stendi ya Mkuu kabla ya misa, na gauni lake jeupe. Basi la kwanza likashusha watu. La pili likashusha watu. Bibi akamwambia, "Twende, padri hatatusubiri." Mtoto akaomba wasubiri moja jingine.

Siku ya Krismasi, jengo zima likiwa kimya na mtaa umefungwa, Candida alipika pilau la watu wawili. Rania alikaa juu ya meza ya jikoni akimtazama.

"Matroni, leo si sikukuu yenu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona unalia na ni sikukuu?"

"Ni vitunguu."

"Vitunguu umeshaviunga," alisema mtoto.

Ghassan alirudi baada ya mwaka mpya, akamkuta binti yake amesukwa vizuri na amenenepa. Alimshukuru Candida mpaka akakosa maneno. Candida alipanda basi siku iliyofuata. Alikuwa na siku mbili tu kabla ya shule kufunguliwa.

Miaka ya nyuma, alipofika, Celina alikuwa akikimbia kutoka uani na kumkumbatia magotini. Safari hii alitoka taratibu. Akapiga goti, akasema shikamoo. Akapokea begi kwa mikono miwili, akaliweka ndani, akaleta maji ya kunawa.

"Akaniambia, 'Karibu sana.' Mtoto wangu alinikaribisha," anasema Candida. "Vizuri kabisa, kwa adabu, kama unavyomkaribisha mgeni."

*

Rania sasa ana miaka 22 na anauza manukato kwenye duka la familia, hatua chache kutoka shuleni. Kila Idd hupanda ngazi na sinia la pilau na biskuti. Habari ya komunyo aliipata akiwa mkubwa, bila kukusudia, siku aliyomuuliza Candida kwa nini hana picha za mwanawe akiwa mdogo.

"Sikujua pa kuweka uso," anasimulia Rania, akipanga chupa kabatini. "Mimi naikumbuka Krismasi ile kama siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Nilikuwa naye peke yangu. Sikujua kuna mwingine anamsubiri stendi."

Mwaka 2023, Serikali ilipoelekeza watoto wa chini ya darasa la tano wasikae bweni, Candida alishuhudia vitanda vya wadogo vikifunguliwa nati na kushushwa. Anasema aliliunga mkono agizo hilo tangu siku ya kwanza.

"Mtoto wa miaka sita alale kwao, asikie mama yake anakoroma. Hilo ni sawa kabisa. Ila siku ile kona yao iliponyamaza, nilikwenda kufagia pale ambapo hapakuwa na takataka."

Bibi wa Celina alifariki mwaka 2021. Msibani, mama na binti walilala chumba kimoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Walizungumza juu ya wageni, sufuria na nani alipe gari. Hawakuzungumza jambo jingine.

Celina alibaki Moshi, ambako ni fundi cherehani. Ameolewa na Steven, fundi umeme. Simu alikuwa anapiga, Jumapili kwa Jumapili, dakika chache: mvua, kazi, mnaendeleaje. Machi mwaka huu, mwishoni mwa mazungumzo kama hayo, akasema ana mimba na kwamba anaendelea vizuri.

"Nilitaka kumuuliza mambo mia," anasema Candida. "Nikasema, 'Hongera, mwanangu.' Akasema, 'Asante, mama.' Basi."

Kwa Wachaga, kama ilivyo kwa watu wengi, mwanamke akijifungua huwa hana kazi ya kufanya kwa miezi mitatu isipokuwa kunyonyesha, kula na kulala. Mama yake mzazi huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia mtori wa ndizi na supu, kumshikia mtoto. Hakuna anayempa mama huyo mwaliko. Huwa anakuja tu, kwa sababu nafasi ni yake.

Candida hakuwa na hakika kama nafasi hiyo bado ni yake.

Jumamosi moja ya Julai, mchana, alikuwa ameketi kwenye kigoda bwenini akisuka. Jumamosi ni siku ya nywele. Wasichana hukaa sakafuni kwa mstari, kila mmoja na kitana chake, wakisubiri zamu ya kusukwa twende kilioni, mtindo pekee ambao shule inaruhusu. Redio ilikuwa inaimba kwenye korido.

Mlango ukapigwa hodi. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa, mfuko wa vitambaa mkononi, jasho linamtiririka kwa zile ngazi.

"Shikamoo, mama."

Candida alisimama, kitana kikaanguka. Celina hakuwahi kufika shuleni hapo maisha yake yote.

"Nimekuja kununua vitambaa vya kazi," alisema Celina, kama anayejitetea. "Na nguo za mtoto. Nikaona nipite."

"Karibu. Karibu, mwanangu. Keti. Utakunywa maji? Umepandaje ngazi zote hizo na hali hiyo?"

"Endelea tu na kazi yako. Nitakaa."

Wakampa kitanda cha chini akaketi. Candida akaendelea kusuka. Celina alitazama bweni lote: vyandarua vilivyofungwa fundo, mataulo, majina ya wasichana yaliyoandikwa kwa chaki kwenye vitanda. Alitazama namna mama yake alivyokiinua kichwa cha mtoto kwa kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, akapuliza vumbi la nywele shingoni.

Msichana wa mwisho aliposukwa, Candida alikusanya vitana. Celina alikuwa ameshavua kitambaa chake cha kichwa. Alishuka kitandani, akajishika kiuno, akaketi sakafuni kwa taabu mbele ya kigoda, tumbo limekaa mapajani.

"Na mimi," alisema, bila kugeuka.

Stella, aliyekuwepo, anasimulia kwamba matroni alikaa muda bila kufanya lolote, mikono imeshika hewa. "Tukajua anaumwa," anasema. "Halafu akaanza kuchambua nywele zake polepole sana. Sisi huwa anatuvuta. Yule hakumvuta."

Walizungumza kidogo. Celina alisema mtoto anatazamiwa katikati ya Septemba. Alisema mama mkwe wake amejitolea kuja kumtunza. Candida akasema ni vizuri, mama mkwe ni mtu mwema. Jioni alimsindikiza hadi anapofikia, nyumbani kwa Tarsis Magomeni. Mtaa ule ndio mahali pekee Dar es Salaam ambapo watu bado humwita Candida kwa jina la Mama Celina. Siku ile majirani waliita kwa sauti kubwa, wakiwaona wameongozana.

*

Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri. Kwanza alikwenda ofisini kwa Bi Huda Sheikhan, binti wa marehemu Bi Hind, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu.

"Bi Huda, naomba likizo. Kuanzia mwanzo wa Septemba. Miezi mitatu."

"Septemba?" Bi Huda aliweka kalamu chini. "Dada Candida, Septemba darasa la saba wanafanya mtihani. Wewe mwenyewe unajua wanavyokuwa. Hawali, hawalali. Nenda Oktoba."

"Oktoba mtoto atakuwa ameshazaliwa."

"Si mama mkwe wake yupo? Umeniambia mwenyewe."

Candida anasema alikuwa amezoea kukubali. Miaka yote alikubali: Pasaka, misiba ya mbali, harusi za binamu. Siku ile alibaki amesimama.

"Nikamwambia, 'Bi Huda, mtihani watafanya hata kama sipo. Mwanangu amebeba mimba ya kwanza na sijamwogesha tangu akiwa na miaka mitatu. Mkiniona sifai kurudi baada ya hapo, nitaelewa. Lakini nitakwenda.'"

Bi Huda hakumjibu siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu alipanda ghorofa ya nne akifuatwa na mchukuzi aliyebeba godoro jipya.

"Hili ni la nani?" Candida aliuliza.

"Langu. Nitalala humu mpaka urudi. Sasa nionyeshe hizo nywele mnasukaje, maana mimi wa kwangu nawapeleka saluni."

Akizungumza na gazeti hili, Bi Huda anakiri kwamba uamuzi ule haukuwa rahisi. "Nililelewa katika jengo hili. Mama yangu alipougua, Candida ndiye aliyekuwa anapanda na kushuka. Niliona naombwa kitu kikubwa, kisha nikajiuliza, ni mara gani nyingine aliyowahi kuomba? Sikuikumbuka."

Ndipo Candida akampigia binti yake. Aliketi paani, kati ya kamba za nguo, kelele za mtaa zikipanda kutoka chini.

"Celina, nataka kuja ukijifungua. Kama hutajali."

"Utakaa siku ngapi?" aliuliza Celina. Lilikuwa swali lake tangu utotoni.

"Miezi mitatu."

Candida alibana simu sikioni.

"Usiniambie kama hujapewa ruhusa, mama. Tafadhali. Bora usiniambie."

"Nimeshapewa."

"Kweli?"

"Bi Huda ameleta godoro."

Celina alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, na Candida akamwacha amalize. Mwishoni alisema atazungumza na mama mkwe. Siku ya pili akatuma ujumbe mfupi: mama mkwe amesema ni haki, yeye atakuja kusalimia tu.

Sasa, kila Jumapili baada ya misa, Candida huenda Magomeni kwa wifi yake Rachel, mke wa Tarsis, kukumbushwa mambo ambayo mikono yake imeyasahau. Amekaa miaka mingi akila chakula cha jiko la shule, cha sufuria kubwa. Rachel humsimamisha jikoni na kumsahihisha.

"Mtori mzito hivyo unampa mfyatua tofali?" Rachel alimwambia Jumapili iliyopita, akichota kwa mwiko na kuuacha uanguke. "Mzazi anakunywa, hatafuni. Ongeza mchuzi."

Candida akaongeza mchuzi. Akaonja. Akaongeza tena.

Begi lake limeshafungwa. Ndani kuna kanga mbili mpya, sufuria ya kukandia na flaneli za mtoto alizozikata na kuzipinda kwa mkono, jioni kwa jioni, huku wasichana wakisoma. Hajui kama atarudi Kariakoo Desemba ikifika. Bi Huda anasema nafasi ipo. Candida anasema hilo litajulikana likifika. Kuna wasichana wa darasa la sita hapa ambao mwakani watafanya mtihani, na kuna mtu huko Moshi ambaye bado haijulikani hata kama atakuwa wa kike au wa kiume.

Hategemei kwamba miezi mitatu itarudisha miaka. Anasema hilo bila kuulizwa. Anajua kwamba Celina amekua na mama mwingine, aliyezikwa chini ya migomba ya Mkuu, na kwamba mama huyo alifanya kazi nzuri.

"Sendi kuchukua nafasi ya mtu," anasema. "Na wala sendi na maneno. Nimeyapanga maneno miaka yote hii, nikifika mbele yake yanakimbia."

Basi lake linaondoka Jumatano asubuhi. Steven amesema atampokea stendi.

"Nikifika, nitaweka begi chini," anasema Candida. "Nitanawa mikono. Halafu nitamuuliza jiko liko wapi."